Mgonjwa Mwisho

Mabegi mawili yalikuwa yamelala kwenye buti tangu jana, na mwenye mabegi alikuwa bado yuko pale pale. Si kwamba alikuwa amebadili mawazo. Kwa hali aliyokuwa nayo Macho siku hizo, hata mawazo ya kubadilisha hakuwa nayo. Gari ndilo lililogoma.

Lilikuwa gari la marehemu baba yake, jeusi, refu, viti vya ngozi, milango ukiisukuma kidogo inamalizia kujifunga yenyewe kwa adabu. Mzee aliliita Bwana Mkubwa, na kila asubuhi aliliamkia kabla hajaamkia watu. Alipofariki, binti akaachiwa Bwana Mkubwa pamoja na boksi la spana. Jana alipoliwasha ili aondoke, likatetemeka, likakohoa, taa ya njano ikawaka mbele ya usukani. Macho akazima, akaingia ndani, akalala na viatu vyake miguuni.

Asubuhi simu ilimkuta amesimama kwenye banda la gari, anatazama boneti.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Umefika wapi?"

"Sijatoka. Gari linatetemeka."

"Linatetemeka kwa baridi gani? Muite fundi."

"Fundi amesafiri. Nitafanya mwenyewe. Plagi zimechoka na koili moja imekufa. Vifaa vipya ninavyo."

"Mwenyewe! Wewe na nani?"

"Mimi na boksi la Baba."

"Haya. Lakini huyo Unga wako asiguse, nakwambia mapema. Gari la kaka yangu si meza ya kukandia." Shangazi akavuta pumzi, sauti ikalainika. "Njoo, mwanangu. Chumba chako hapa kwa baba yako nimeshakitandika. Tangu tumzike hujatoa hata chozi moja, na mimi nasema ni hiyo nyumba. Ukifika kwenu utalia, utapona."

"Sawa, Shangazi."

"Sawa kweli, au sawa ya kunifunga mdomo?"

"Sawa, Shangazi."

Ndilo neno lililokuwa limebaki. Kazini, kwenye duka la miwani, aliwawekea watu vioo vya kupimia, akawauliza kama hiki ni bora au hiki, wakajibu, naye akasema sawa. Jina la Macho lilitoka huko. Nyumbani, mume akimuuliza kama amekula, alijibu nimekula, na alikuwa amekula kweli, ila asingeweza kukwambia alikula nini. Na huyu ni mwanamke ambaye kabla ya msiba akicheka majirani wanauliza kuna nini! Sasa alikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Upo, unaonekana, ukiugusa hauna habari.

Mlango wa nyuma ukafunguka, mume akaingia bandani na mkate uliofungwa kitambaa. Alikuwa ametoka tanurini, unga umempaka mpaka viwikoni na kidogo kwenye nyusi. Akauweka mkate juu ya meza ya vyuma, mbali na mafuta.

"Wa moto huo," alisema.

"Sawa."

"Ni leo?"

"Gari likikubali."

"Kwa muda, si ndiyo?"

"Kwa muda."

Wakatazama pembeni wote wawili. Muda huo hakuna aliyekuwa ameutajia mwisho wake, wala hakuna aliyethubutu kuuliza.

Mume huyu watu walimwita Unga, na jina hilo alipewa na baba mkwe siku ya posa. Mzee alimtoa nje, akamwambia, "Kijana, hebu nifungulie boneti." Kijana akaingia ndani ya Bwana Mkubwa, akapapasa, akavuta alichokiona. Likafunguka buti. Akavuta kingine, kikafunguka kifuniko cha tangi la mafuta. Mzee akawageukia wazee wenzake. "Huyu hajui hata mdomo wa gari uko wapi! Unga mtupu huyu." Binti aling'ang'ania, ndoa ikafungwa, mzee akatoa mkono wa baraka huku anatazama ukuta. Shangazi alikuwepo siku ile, na hakuna shughuli ya ukoo iliyopita bila kuisimulia. Kila akisimulia, kijana alikuwa anafungua vitu vingi zaidi.

"Ushawahi kubadilisha plagi?" aliuliza Unga.

"Nimemshikia Baba tochi tangu nikiwa mdogo. Kila alichofanya nimekiona."

"Kuona umeona. Kushika je?"

"Hakuwahi kunipa spana."

"Basi leo shika spana. Tochi nipe mimi."

Macho akamwangalia. "Unajua nikimaliza naondoka?"

"Najua."

"Na unataka kunimulikia?"

"Kama unaondoka, ondoka na gari zima," alisema Unga. Alijaribu kutabasamu, midomo ikamgomea. "Sitaki likuzimikie njiani, halafu nipigiwe simu na Shangazi. Afadhali nikose mke kuliko kupigiwa simu na Shangazi."

Zamani angecheka mpaka ashike ubavu. Alijua kabisa kwamba hapo palikuwa mahali pa kucheka, na pia mahali pa kulia. Akangoja kifuani kitokee chochote, hata kidogo. Hakikutokea kitu.

"Sawa," alisema.

Unga akaingiza mkono chini ya usukani na boneti ikaruka mara moja, bila kupapasa. Macho aliliona hilo. Lilipita mbele yake kama mtu asiyemfahamu.

Mzee alikuwa na njia yake ya kumtafuta mgonjwa. Gari lina plagi sita, na kila plagi inakaliwa kichwani na koili yake, kikopo cheusi chenye mguu wa mpira kinachoipelekea moto. Unawasha injini ikiwa baridi, unachomoa waya wa koili moja moja, unasikiliza. Ukichomoa ya mzima, injini inalalamika. Ukichomoa ya mfu, haina habari.

Macho akatoa kifuniko cha plastiki. Unga akawasha. Bwana Mkubwa akaanza kuchechemea.

Akachomoa waya wa kwanza. Injini ikazama, ikataka kuzima. Akaurudisha. Wa pili, ikazama. Wa tatu, wa nne, vivyo hivyo. Akachomoa wa tano. Injini ikaendelea kuchechemea kama ilivyokuwa, haikuzidi, haikupungua.

"Zima," alisema. "Ni hii."

"Umejuaje?"

"Nimeichomoa na haikujali."

Unga akabaki ameketi kwenye kiti cha dereva, mlango wazi, mguu mmoja nje.

"Macho."

"Mm."

"Mimi ningejali."

"Nini?"

"Ukichomoka. Nisingechechemea mimi. Ningezima kabisa."

Macho akafuta vidole kwa kitambaa, kimoja kimoja. "Unga, mimi ndiyo hiyo koili ya tano. Nimo. Nimefungwa vizuri na wenzangu, waya unanifikia, moto hautoki. Si wewe. Ungekuwa wewe ningekununia, ningekutukana, ningevunja sahani, yangekwisha. Sasa sina hata wa kumtukana."

Hayo ndiyo maneno mengi zaidi aliyowahi kutoa tangu msiba.

"Na kule kwa Shangazi, moto utatoka?"

"Sijui. Hapa nimeshaona hautoki."

"Haya," alisema Unga, akawasha tochi. "Tuanze na ipi? Hiyo mbovu?"

"Hapana. Baba alikuwa anasema mgonjwa mwisho. Anza na wazima, mkono ujue uzima ukoje."

"Ndiyo," alisema Unga haraka. "Mgonjwa mwisho."

Akaanza. Alifungua boliti ndogo, akaizungusha koili huku na huku mpaka mpira wake ukaachia, akaivuta juu. Chini yake palikuwa na shimo jembamba lenye giza, na tochi ikafika hapo kabla hajaiomba. Alinyoosha mkono apewe spana ndefu ya soketi, akakuta imeshawekwa kiganjani. Plagi ya zamani ikatoka na ncha iliyoliwa, nyeusi pembeni. Plagi mpya akaianza kwa vidole, taratibu, mpaka uzi wake wa kukazia ulipojishika wenyewe, maana ukianza kwa nguvu za spana utakula uzi na hapo umeua injini. Akakaza mpaka ikakaa, akaongeza kidogo tu. Koili ikarudi juu yake, boliti, waya. Waya ukiingia sawasawa unasema tak.

"Tak," alisema Unga.

"Imeingia."

"Mkono wako mzuri. Hautetemeki."

"Hauna sababu."

Wakaenda hivyo, ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, wakairuka ya tano, wakamaliza ya sita. Nyuso zao zilikaribiana juu ya injini. Mara moja macho yao yalikutana, na Unga akasahau tochi, mwanga ukahamia ukutani. Alikuwa anamtazama kama anayemkariri. Macho aliuona mtazamo ule wote, akaupima, akaona ni wa mapenzi na ni wa kuaga. Moyoni palikuwa pakavu vile vile.

"Tochi," alisema.

"Samahani."

Ikabaki ya tano. Boliti ikatoka vizuri, lakini koili yenyewe iligoma. Akaizungusha, ikakwama. Akavuta, ikakwama. Mwanga wa tochi ukaanza kucheza.

"Mulika vizuri."

"Namulika."

"Mkono unakutetemeka wewe sasa?"

Akaishika kwa mikono miwili, akakaza meno, akavuta. Ikachomoka ghafla nusura aanguke nayo. Kutoka shimoni ikapanda harufu.

Haikuwa harufu ya petroli, wala ya mpira ulioungua. Macho akaisogeza koili puani. Kwenye mguu wake wa mpira palikuwa na ganda la rangi ya kahawia, gumu, limepasuka pasuka, na katikati ya ganda palikuwa na mstari mweusi ambapo moto ulitafuta njia ya mkato na kupotea. Akalikwangua kwa ukucha. Likadondoka chenga chenga.

"Unga."

"Naam."

"Kwa nini injini ya baba yangu ina mkate?"

Tochi ikazimika.

"Washa tochi."

Ikawaka. Uso wa Unga ulikuwa umepauka kuliko mikono yake.

"Ni mimi," alisema. "Hiyo ni ile ya kupaka trei ili mkate usishike. Siagi na unga."

"Ulifungua gari la Baba?"

"Aliniita mwenyewe. Tukaja nalo hapa hapa, Jumamosi, wewe ukiwa kazini." Akaishusha tochi. "Alikuwa haoni, Macho."

"Nani haoni?"

"Mzee. Miezi ile ya mwisho vitu vidogo vilikuwa vimemkataa kabisa. Plagi alikuwa anaitafuta kwa vidole."

"Nilimpima mimi! Alisoma herufi zote mpaka mstari wa mwisho!"

"Aliukariri. Si alikuwa anakuja kukaa dukani kwako akisema anakusubiri? Alikuwa anasikiliza wateja wakisoma. Alinisomea hapa mistari yote, akanisomea tena kuanzia mwisho, anacheka. Akaniapisha nisikwambie. Alisema utamnyang'anya funguo."

"Ningemnyang'anya!" Sauti ikamtoka Macho kwa nguvu mpaka yeye mwenyewe akashtuka. "Siku hiyo hiyo! Na wewe ukamwacha kipofu aendeshe?"

"Hakuendesha! Nilikuwa naendesha mimi. Yeye anakaa pembeni anatoa amri, geuza, punguza, usimkwaruze Bwana Mkubwa. Tukikaribia kwake tunabadilishana viti, anaingia getini polepole, kwa mazoea, ili Shangazi amwone ameshika usukani."

"Mungu wangu. Mngeua mtu! Mngeligonga geti!"

"Tuliligonga. Akasema ni paka."

Macho akaipiga koili juu ya meza ya vyuma. "Na hii? Hii siagi?"

"Aliniambia nipake grisi nyeupe kidogo ndani ya mpira. Nikaangalia kopo, tupu. Nikaogopa kumwambia. Unajua nilivyokuwa namwogopa yule mzee! Nikaingia ndani, nikachukua ile ya trei, nayo si nyeupe? Nimepaka hiyo moja tu, akainusa. Nikajua leo nafukuzwa mbele na nyuma. Akaketi kwenye ile ndoo pale, akacheka mpaka akaomba leso. Akasema, 'Unga, umeniokea injini.' Tukakubaliana Jumamosi inayofuata tuitoe, tuisafishe."

Akaigeuza tochi mkononi.

"Jumamosi inayofuata tulikuwa tunamzika."

Macho akaitazama ndoo. Ilikuwa ndoo ya kawaida, imegeuzwa kifudifudi, ina alama za rangi ya zamani.

"Kwa nini hukuniambia baadaye?" Sauti ilikuwa imeshuka.

"Nilimwapia. Halafu wewe ukawa huulizi kitu, unasema sawa. Nikaogopa nikikwambia, hata hilo utalijibu sawa. Hilo nisingeliweza."

"Na Shangazi akisimulia ile habari ya boneti, unakaa tu unacheka."

"Mzee alikuwa ananikanyaga mguu chini ya meza, tucheke wote."

"Alikupenda?"

Unga akafikiri. Hakutaka kumdanganya, hata kwa wema. "Hakusema. Alinipa spana."

Neno hilo likampiga Macho mahali asipopajua. "Mimi nimesimama naye miaka yote hiyo," alisema, na kidevu kikaanza kumcheza. "Miaka yote, Unga. Hakuwahi kunipa spana. Mimi ni tochi tu, tochi, tochi. Wewe unakuja na unga wako mikononi, unampaka siagi, anakupa spana!"

"Nilimuuliza."

"Akasemaje?"

"Akasema chuma kinaweza kuruka. Akasema, 'Yule macho yake ndiyo kazi yake. Nimsimamishe nyuma ya mwanga, hapo hakuna kitakachomfikia.'"

Macho akaketi. Hakuchagua mahali, ilikuwa ile ile ndoo. Kwanza ikatoka sauti ambayo si kicheko wala si kilio, ikamkwama, akakohoa, kisha chozi likaanguka kwenye mkono wenye mafuta, na nyuma yake yakaja yote yaliyokuwa yamezuiliwa tangu siku ile makaburini. Alilia kwa sauti, kama mtoto, bila kujifunika. Alimlilia baba yake kwa hasira, akamwita mwongo, akamwita mjanja, akamuuliza kwa nini hakusema. Unga akapiga magoti sakafuni, akamshika, na mwanamke akampiga ngumi begani, akampiga tena, kisha akalishika shati lake na hakuliachia.

"Inauma," alisema.

"Wapi?"

"Kila mahali."

"Pole, mke wangu. Pole."

Waliketi hapo mpaka mikono ya mmoja ikawa na unga na mafuta ya mwenzake. Kisha Macho akainuka, akafuta pua kwa kiwiko, akasafisha shimo, akaitoa plagi ya zamani, akachukua mpya ya mwisho. Safari hii mkono ulikuwa unatetemeka, ikabidi aianze mara mbili. Akakaza, akaiweka koili mpya. Ile ya zamani, na ganda lake la mkate, akaifunga kwenye kitambaa safi na kuiweka juu ya boksi la baba yake.

"Grisi," alisema, akinyoosha mkono.

Unga akasita. Macho akamtazama kwa macho mekundu. "Ya gari, Unga."

Waya ukaingia. Tak. Akakaa nyuma ya usukani, akawasha. Bwana Mkubwa akaitikia mara moja, taratibu, sauti nzito isiyo na kikohozi, na taa ya njano ikazimika. Simu ikaita hapo hapo.

"Umefika wapi?"

"Shikamoo, Shangazi. Gari limepona."

"Marahaba, afadhali! Toka sasa, mwanangu, jua halijawa kali."

"Gari ndilo limepona. Mimi ndiyo kwanza naanza kuumwa."

Shangazi akasikiliza. "Unalia?"

"Nalia."

"Unalia! Yuko wapi huyo Unga? Amekufanya nini?"

"Aliioka injini ya Baba."

"Nilisema asiguse! Nilisema mimi!"

"Baba alimruhusu, Shangazi. Tutakuja kukusimulia, mimi na yeye. Ataendesha yeye. Na lile geti halikugongwa na paka."

"Geti gani? Paka gani? Na chumba nimeshatandika?"

"Tutalala wote wawili. Usiku mmoja, tunarudi." Akakata simu kabla Shangazi hajapata pumzi, jambo ambalo hakuna mtu wa ukoo ule aliyewahi kulifanya.

Akazima gari. Unga alikuwa amesimama kando ya mlango, tochi mkononi bado inawaka mchana kweupe, hajui kama aende kwenye buti kutoa mabegi au asubiri aambiwe.

"Unga."

"Naam."

"Ule mkate bado wa moto?"

"Umeshapoa."

"Ulete hivyo hivyo," alisema Macho. "Nina njaa."